Inavuma, inasaga au inagonga? Kelele za gari ya umeme kabla hujauziwa mota

Mwalimu mmoja wa Mtwapa alinipigia simu saa mbili usiku na sauti ya mtu aliyefiwa, nikadhani kuna msiba kweli, kumbe ni gari. Nissan Leaf yake ya 2016, ile ya betri ya 30 kWh iliyokuja na meli kutoka Japani, imeanza kuvuma, akaipeleka garaji moja hivi, wakaizungusha dakika tano wakarudi wakamwambia mota imekwisha, aagize nyingine. Bei aliyotajiwa wallahi angeongeza kidogo tu angepata Probox. Gari ikalala wiki mbili chini ya mwembe inakusanya majani, mwalimu anaenda kazini na matatu.

Nkamwambia, mwalimu, usiagize kitu. Niambie kwanza inaliaje.

"Inapiga kelele fundi."

Sasa neno kelele halinisaidii chochote, na hapa ndipo tunapopotezana mafundi na wenye magari. Kiswahili kimetupa maneno chungu nzima ya sauti na kila neno lina spea yake. Kuvuma sio kusaga, kusaga sio kukwaruza, kukwaruza sio kugonga, na mluzi ni kitu kingine kabisa. Mtu akiniambia gari inavuma kama pangaboi mawazo yangu yanakwenda kwa beringi ya gurudumu au tairi. Akisema inapiga mluzi, yaani sauti nyembamba inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, nawaza gia au mota. Akisema inagonga tak, moja tu, anapobadilisha kutoka D (mbele) kwenda R (nyuma), hapo nawaza shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye gurudumu. Inakwaruza asubuhi mwanzo mwanzo alafu inanyamaza? Hiyo ni kutu ya diski, sisi wa pwani na upepo wetu wa chumvi tunaijua, na kwa gari ya umeme inazidi manake gari inajipunguza mwendo na mota yenyewe, pedi zinagusa diski kidogo tu kwa siku nzima. Kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa barabara ikiwa wazi nyuma yako, itajisafisha.

Mwalimu akafikiri kidogo akasema inavuma. Kama pangaboi bovu. Basi nusu ya kazi imeisha na mimi bado niko kitandani.

Kuna kitu lazima tuelewane kuhusu hizi gari. Sio kwamba zina kelele nyingi kuliko za petroli, ni kwamba hakuna injini ya kuzificha. Kwenye gari ya kawaida beringi inaanza kuvuma miezi sita hujui, injini inaifunika, ekzosi inaifunika, ukija kuisikia imeshakuwa kilio. Kwenye Leaf unaisikia ikiwa bado changa. Kwa hiyo mtu aliyehama kutoka gari ya petroli wiki ya kwanza anasikia kila kitu, anasikia tairi, anasikia pampu ya maji ya kupozea, anasikia kompresa ya AC, anasikia tak tak ya swichi kubwa za betri anapobonyeza pawa, na anadhani gari linakufa. Hayo yote ni ya kawaida.

La pili, hakuna klachi wala gia za kubadilisha. Mota imeunganishwa na magurudumu moja kwa moja kupitia gia boksi ya gia moja, kwenye hiyo Leaf mota inazunguka mara 8.19 gurudumu likizunguka mara moja, siku zote, hata ukiwa N, yaani fri. Ile janja yetu ya zamani ya kusimama, kukanyaga mafuta na kusikiliza kama sauti inatoka kwa injini au kwa magurudumu, hapa haipo (na ndio, bado tunasema kukanyaga mafuta na hakuna mafuta, tutazoea). Mota haizunguki gari ikiwa imesimama. Kwa hiyo kila sauti inapanda na mwendo, na ndio maana fundi mvivu akisikia sauti inapanda na mwendo anasema mota.

Lakini N ina kazi yake. Asubuhi yake nikachukua gari, nikapita nayo hadi barabara ya Dongo Kundu kabla malori hayajawa mengi, lami pale ni nzuri na kuna sehemu ndefu zilizonyooka. Nikafika 80. Sauti ipo, wuuuuu. Nikakanyaga zaidi, sauti ile ile. Nikaachia mguu ikiwa kwenye B, ile ambayo gari inajivuta yenyewe ikirudisha chaji, sauti ile ile. Alafu nikashika liva nikaisukuma hadi N ikaandika kwenye dashibodi (usizime gari jamani, unabadilisha tu kwenda N, pawa inabaki, usukani na breki zinabaki). Sauti ile ile, haikupungua hata chembe.

Ukiweka N mota na gia bado zinazunguka kwa kasi ile ile ila hakuna mzigo, meno ya gia hayasukumani. Kwa hiyo kama sauti ingekuwa ya gia zilizolika, au ule mluzi wa umeme wa mota yenyewe, ingekata au ingebadilika mara moja. Ikibaki ile ile basi ni kitu kinachojali mwendo tu, hakijali nguvu, yaani beringi au tairi. Beringi ya mota pia inaweza kubaki kwenye N, hiyo sikatai, lakini ile inazunguka mara nane zaidi kwa hiyo sauti yake huwa nyembamba, ni kilio, sio mvumo wa pangaboi.

Nikaanza kuyumbisha usukani taratibu kama mtu anayekwepa mashimo. Kulia, sauti ikaongezeka. Kushoto, ikanyamaza kabisa. Ukikata kulia uzito wa gari unahamia kushoto, kwa hiyo gurudumu lililobanwa ni la kushoto. Mbele kushoto, nilisikia karibu na miguu yangu, sema hapo sauti hudanganya, nikairudisha garaji nikapiga jeki, nikashika springi kwa vidole huku kijana anazungusha gurudumu kwa mkono. Springi inabeba mtetemo vizuri sana. Kulia laini kama siagi. Kushoto unahisi kama mchanga unapita ndani ya vidole. Gurudumu halikuwa na mchezo hata kidogo, ukilitikisa juu chini limekaza, na nadhani hapo ndipo wale wa mwanzo walikosea, walitikisa wakaona imekaza wakavuka. Beringi huvuma muda mrefu kabla ya kulegea.

Tukatoa. Kijana wangu aliifungua ile ya zamani kwa nyundo maana yeye lazima aone, na ndani kwenye njia ya gololi kulikuwa na kidonda kama ukucha wa mtoto, chuma kimebanduka. Sehemu hiyo moja tu. Nikampigia mwalimu picha nikamtumia, nikamwambia hii ndio mota yako iliyokufa.

Ila nisijisifu sana, na mimi nimelia na haya mambo. Leaf ya kwanza kunishinda ilikuwa ya dereva wa teksi, inavuma kinoma, nikabadilisha beringi za mbele zote mbili kwa ujasiri mkubwa, tukatoka barabarani, inavuma vile vile. Dereva akaniangalia. Mimi nikaangalia nje. Kumbe ilikuwa tairi. Gari hizi ni nzito, Leaf inakaribia tani moja na nusu, na wenyewe wanasema upepo uwe 36 psi lakini yule bwana alikuwa anatembea na kama 26 ati ipande matuta vizuri, tairi zikaliwa kwa mtindo wa msumeno. Macho hayaoni, lakini pitisha kiganja juu ya tairi ukielekea mbele, inateleza, alafu rudisha nyuma, inakukwaruza. Ukihisi hivyo acha beringi za watu. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma, kama mvumo nao umehamia nyuma jibu umepata bila kununua spea. Na kitu kingine, ukitoka kwenye lami mbaya ukaingia lami mpya sauti ikabadilika, ni tairi, beringi haijui lami.

Zile beringi mbili nililipa mimi.

Turudi kwa mwalimu. Nilipomaliza gurudumu nikaenda kuijaribu tena, mvumo umekwisha, na sasa nikasikia kingine kilichokuwa kimejificha chini yake. Mluzi. Mwembamba, unaanza kama 45 hivi, na unasikika zaidi nikiachia mguu kuliko nikikanyaga. Nikaweka N, ukakata. Nikarudisha D, ukarudi. Hapo moyo ukadunda kidogo, manake sasa kweli tuko ndani.

Hii ndio sehemu ninayoipenda na vijana wa garaji wananicheka kwa ajili yake. Nina programu kwenye simu inayochora sauti, Spectroid, ya bure, inaonesha sauti iko Hz ngapi, yaani inatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Ukijua tairi na ukijua meno ya gia unaweza kumjua anayelia kwa jina. Tairi ya 205/55R16 inazunguka karibu mita 2, kwa hiyo ukienda 60 gurudumu linazunguka kama mara 8.4 kwa sekunde, zidisha kwa 8.19 unapata mota inazunguka kama mara 69 kwa sekunde. Gia ya kwanza kwenye mota ina meno 17, 69 mara 17 ni kama 1,170 Hz. Hatua ya pili ya gia, ile inayofuata kuelekea magurudumuni, inazunguka polepole zaidi, inatoa kama 620 Hz. Rota yenyewe, kile kinachozunguka ndani ya mota, ina pole 8 za sumaku, hiyo inakuja kama 550. Beringi ya gurudumu iko huko chini kwenye makumi ya Hz. Tumia mwendo wa GPS sio wa dashibodi, dashibodi huongeza chumvi kidogo na hesabu inayumba.

Tukaenda 60 kamili, kijana ameshika simu. Kwenye mchoro mlima mmoja mkali umesimama karibu na 1,170, ukiachia mguu unarefuka, ukiweka N unazama. Kwa hiyo ni gia za hatua ya kwanza, na hasa upande wa nyuma wa jino. Jino la gia lina nyuso mbili, ukikanyaga linasukuma kwa uso wa mbele, ukiachia na mota ikawa inarudisha chaji linasukumwa kwa uso wa nyuma. Kwenye gari ya petroli uso ule wa nyuma unafanya kazi kidogo tu. Kwenye gari ya umeme, na hasa mtu anayependa B, kila ukiachia mguu nao unabeba mzigo, tena mzigo wa maana, mara mia kadhaa kwa safari moja ya Mtwapa hadi mjini.

Nikafungua oili ya gia boksi. Watu wengi hawajui hata kama ipo, wameambiwa gari ya umeme haina oili basi. Ipo, lita moja na ushee tu, ATF, yaani oili ya gia boksi za otomatiki, ya Nissan ile Matic S. Ilitoka nyeusi kama kahawa ya Old Town na ilikuwa pungufu. Nikatumbukiza sumaku ikatoka na manyoya ya chuma, laini, sio vipande. Vipande vingenitisha. Nikaweka mpya hadi ikaanza kumwagika kwenye tundu la kujazia, nikafunga. Mluzi umepungua, haujaisha, na nikamwambia mwalimu ukweli: jino lililokwisha kupata mikwaruzo halirudi kuwa jipya kwa oili, oili inazuia lisiendelee haraka. Gia boksi inaweza kupiga mluzi huo miaka.

Ile tak sasa, maana najua kuna mtu amesoma mpaka hapa anangoja tak. Unatoa gari kinyumenyume, unaweka D, unaondoka, tak! Mara moja tu kutoka gurudumuni, kisha kimya hadi ubadilishe tena. Watu wanaogopa sana hii na mara nyingi ni kitu kidogo. Shafti inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ina meno marefu, grisi ikikauka au kutu ikiingia, nguvu ikigeuka kutoka nyuma kwenda mbele meno yanateleza kidogo na kulia. Unafungua nati kubwa, unasukuma shafti nyuma, unasafisha, unapaka grisi nzito, unafunga na nati mpya kwa kipimo chake. Kama ni takatakataka mfululizo unapokata kona usukani umefika mwisho, hiyo ni jointi ya CV ya nje, kile kiungo cha mwisho wa shafti upande wa gurudumu, na angalia buti yake, ule mpira unaoifunika, lazima imepasuka. Kama gari inatetemeka ukikanyaga kwa nguvu na ukiachia inatulia, ni CV ya ndani, ya upande wa gia boksi. Tesla Model S nazo zinajulikana kwa hilo la kutetemeka, na ukiziinua springi juu ndio zinazidi, pembe ya shafti inakuwa mbaya. Na kama ni du, nzito, unaihisi mpaka kwenye kiti, mwambie mtu aangalie mota wewe umeshika breki unabadilisha D na R. Ikiruka, mauntingi, zile raba zinazoishikilia mota, zimekwisha.

Mota yenyewe kufa kwa kelele kunatokea, sisemi hakutokei. Tesla zile za mwanzo, za 2012 na 2013, zilibadilishwa uniti za mota sana kwa sababu ya mvumo wa kusaga. Na kuna ugonjwa mmoja wa beringi za mota ambao gari za petroli hatukuwa nao kabisa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kiasi fulani cha umeme kinabaki kwenye shafti kikitafuta njia ya kwenda kwenye bodi, na njia iliyo karibu ni gololi za beringi. Cheche ndogo ndogo zinaruka ndani ya grisi, kila cheche inaacha kishimo, mpaka njia ya gololi inakuwa na mistari mistari, ukiipata mkononi utadhani umeshika bati la kuezekea. Gololi zikipita juu ya bati hilo ndio kile kilio. Ndio maana mota nyingine zinawekwa gololi za kauri zisizopitisha umeme, au burashi ya kuuteremsha umeme kwenye bodi. Sauti yake haijali N, haijali kona, haijali lami, ni nyembamba na inakufuata mwendo wote. Mimi nimekutana nayo mara moja tu.

Alafu kuna yule mama wa Bamburi, huyu simsahau. Gari yake "mota inalia" ikitembea polepole, akikimbia inapona. Nikaingia, tukaondoka, wiiii, tulipofika 30 ikakata kama mtu amezima redio. Nikapunguza, ikarudi. Mama, hiyo ni spika. Imewekwa makusudi mbele huko nyuma ya bampa iwashtue wanaotembea kwa miguu, manake gari yenyewe haisikiki. Aliniangalia kama namtania. "Kwa hiyo Wajapani wametengeneza gari kimya alafu wakaitilia spika ya kelele?" Ndio mama. Sikumtoza, lakini alituma samaki.

Kwa mafundi wenzangu neno moja la lifti. Ukiinua gari magurudumu yananing'inia, shafti zinakaa pembe ambayo barabarani hazikai, CV nzima itagonga na utaihukumu bure. Na gurudumu moja likikwama lingine linazunguka mara mbili ya mwendo unaousoma, kwa hiyo ukiona 40 pale hewani kuna kitu kinakwenda 80 karibu na uso wako. Ile bisibisi ndefu sikioni bado inafanya kazi, naitumia hadi leo, kwenye habu na kwenye gamba la gia boksi tu, na gurudumu nalizungusha kwa mkono. Karibu na nyaya za rangi ya chungwa siendi nayo. Mle mna volti karibu 400, na hakuna kelele hata moja niliyoitaja hapa iliyonilazimisha kuzigusa ili kuitafuta.

Mwalimu amerudi kazini na gari yake. Anasema akifika 50 anausikia mluzi kwa mbali, anaongeza redio kidogo. Nimemwambia arudi akishatembea kilomita 5,000 tuende tena Dongo Kundu, mwendo ule ule, simu mahali pale pale, niulinganishe ule mlima wa 1,170 umekua au umekaa. Ya kwanza ninayo, nimeihifadhi kwa jina la "mwalimu 60".